Mdogo wangu alivuna mahindi, mbona unga ulipanda?

Swali la msomaji: “Ninapika na kuuza bukari (ugali) kando ya barabara ya Kasumbalesa. Wateja wangu ni madereva wa malori na vijana wa karakana. Mwaka ule wa ukame wa Zambia, mdogo wangu aliyelima upande wa Kipushi alivuna mahindi yake vizuri, lakini mfuko wa unga ulipanda mpaka ikanibidi nipunguze donge la bukari kwenye sahani. Watu wengine wanasema ni ukame, wengine wanasema ni wenye depo wanaficha unga. Mdogo wangu naye kila mwaka analia na mbolea. Nataka kuelewa: ukame wa huko unafikaje kwenye sufuria yangu? Na mbona bei ikishapanda inakuwa nzito kushuka?”

Mama, bei ya unga wa Lubumbashi, hapa Katanga kusini mwa Kongo, haitengenezwi na mvua inayonyesha Lubumbashi. Inatengenezwa na mahindi yanayovuka mpaka wa Kasumbalesa, na mahindi hayo yanategemea mvua ya Choma, Monze, Mazabuka, Mkushi na Chipata, huko Zambia. Mdogo wenu alivuna, na nimefurahi kusikia hivyo. Ila jiji kubwa kiasi hiki haliwezi kushibishwa na mashamba ya upande wa Kipushi, na halijawahi kushibishwa nayo tangu lilipoanza.

Reli kutoka kusini ilifika hapa mwaka 1910, mwaka uleule jiji lilipozaliwa, na chakula cha watu wa migodi kilipanda reli hiyohiyo kikitoka Rhodesia (Zambia na Zimbabwe za leo). Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa Wabelgiji, ilimpa mfanyakazi mshahara pamoja na posho ya unga, na Gécamines, kampuni ya serikali iliyochukua nafasi yake, ikaendelea na desturi hiyo. Baba yangu alikuwa mtu wa Gécamines. Siku ya posho tulikuwa tunamsubiri mlangoni, mama anafungua mfuko, anamimina unga kwenye pipa dogo la plastiki, halafu anaufuta mfuko kwa kiganja ili lisibaki hata vumbi. Hatukujiuliza hata siku moja nani aliulima. Posho ilikwisha Gécamines ilipodhoofika miaka ya 1990, lakini mazoea ya kula mahindi ya ng’ambo yalibaki. Ndiyo maana naanza na Zambia.

Tarehe 29 mwezi wa pili mwaka 2024, Rais Hakainde Hichilema alitangaza kwamba ukame ni janga la taifa. Wilaya 84 kati ya 116 zilikuwa zimeguswa. Katika hekta milioni 2.2 hivi zilizopandwa mahindi, karibu milioni 1 ziliharibika. Mavuno yaliyokuwa zaidi ya tani milioni 3 mwaka 2023 yalishuka hadi tani milioni 1.5 hivi. Kaskazini mwa Zambia, upande wa Luapula na Kasama, mvua ilikuwa na afadhali. Kiangazi kilipiga kusini na katikati, na huko ndiko kwenye mashamba makubwa ya mahindi.

Mwezi wa tatu mwaka huo nilivuka kwenda kumwona rafiki yangu anayelima karibu na Mazabuka. Kwa mbali shamba lilikuwa zuri. Mahindi yamesimama yamefika bega. Tulipoingia ndani nikaona majani yamejikunja kama mkeka uliowekwa pembeni baada ya kulala. Rafiki yangu akavunja hindi moja, akalimenya, akanipa bila kusema neno. Lilikuwa na urefu wa kiganja. Nilihesabu punje 37, zimekaa mbalimbali, hapa tano, pale tatu, katikati kweupe. Hindi zuri hubeba punje 400 au 500.

Nitaeleza kilichotokea ndani ya hindi lile, maana mkielewa hapo mtaelewa mengine yote. Kila uzi mmoja wa zile nywele zinazochungulia kwenye ncha ya hindi umeshikamana na punje moja. Chavua inapoanguka kutoka kwenye ua la juu lazima iukute uzi ukiwa mbichi, ndipo punje iundwe. Maji yakikosekana majuma mawili kabla ya kuchanua na majuma mawili baada ya hapo, nywele zinachelewa kutoka au zinakauka, chavua inaanguka bure, na pale punje inakosekana moja kwa moja. Mvua ikija baadaye itarudisha rangi ya kijani kwenye majani, lakini punje haitaongezeka hata moja. Zambia mwaka 2024 mvua ilikatika katikati ya mwezi wa kwanza ikakaa kimya kwa majuma, wakati uleule mahindi mengi yalipokuwa yanachanua. Kwa hiyo mtu asiwaambie kwamba ukame ni mvua kidogo kwa mwaka mzima. Mwaka unaweza kupata milimita za kutosha kwenye daftari la hali ya hewa, na bado shamba likatoa magunzi matupu kwa sababu ya siku 30 tu.

Sasa sogeeni nami mpakani. Wazambia wenyewe wanakula zaidi ya tani milioni 2 kwa mwaka. Mwaka wa tani milioni 3 wana ziada, na ziada hiyo inakuja kwetu, ama kwa lori lenye karatasi zote ama kwa baiskeli za njia za porini. Mwaka wa tani milioni 1.5 hawana hata chakula chao. Serikali ya Lusaka ikafunga njia ya kutoa mahindi nje, na Zambia iliyokuwa muuzaji ikageuka mnunuzi, ikaenda kutafuta mahindi Tanzania. Ninyi hapa Lubumbashi mkajikuta mnagombania gunia moja na yule aliyekuwa anawauzia.

Na ugomvi wa gunia la mahindi haufanani na ugomvi wa kitu kingine. Fikirini familia kumi zinazokula gunia moja kila mwezi. Mwezi huu yamefika magunia tisa. Pungufu ni moja tu katika kumi, na mtu angesema bei itapanda kidogo, sehemu moja katika kumi. Haiwi hivyo. Hakuna familia inayokubali kuwa ile ya kumi, kwa sababu bukari si nyama ambayo mtu anaweza kusema tutakula mwisho wa juma. Kila mmoja ataongeza pesa, ataacha kununua sabuni, ataacha samaki, ataahirisha kodi ya nyumba, mpaka mmoja atakapoishiwa kabisa. Bei inasimama pale yule maskini kuliko wote anaposhindwa, na hapo inaweza kuwa imepanda kwa nusu au zaidi. Katika mambo yote ninayoyaandika hapa, hili ndilo linaloniuma. Pungufu dogo la unga halipunguzi kidogo kwa kila mtu. Linawaangukia wote kwa bei, kisha linamwacha mmoja bila chakula.

Nije kwa mdogo wenu na mbolea yake. Watu wengi wanatenga maneno haya mawili, ukame upande mmoja, gharama za kulima upande mwingine. Mimi nayaona ni kitu kimoja, na nitafanya hesabu ili muone. Ni hesabu ya mfano, namba nimezichagua ziwe rahisi kugawanya.

Udongo wetu wa Katanga ni mwekundu, mchachu na umechoka. Hekta moja ya mahindi huku hupewa mifuko 6 ya mbolea ya kupandia, NPK 10-20-10, ya kilo 50 wakati wa kupanda na mifuko 4 ya urea baadaye. Tuseme mfuko ni dola 45. Mbolea peke yake imekula dola 450. Mbegu bora, trekta au vibarua wa jembe, palizi mara mbili, magunia na kuvuna, tuseme dola 350. Jumla dola 800. Mwaka mzuri, hekta inatoa tani 4, yaani magunia 80 ya kilo 50. Kila gunia limemgharimu dola 10. Mwaka wa ukame, hekta ileile inatoa tani 1, magunia 20. Kila gunia limemgharimu dola 40.

Angalieni tena. Hakuna kilichopanda bei. Mbolea ni ileile, kibarua ni yuleyule, trekta ni lilelile. Karibu gharama zote za mahindi zinalipwa kabla mvua haijasema inakuja au haiji. Maji yakikosekana, pesa iliyokwisha kuingia ardhini inagawanywa kwa magunia machache.

Sasa tuguse mbolea yenyewe. Tuseme ukame haupo, lakini mfuko wa mbolea umeruka kutoka dola 45 hadi 90. Jumla ya hekta inakuwa dola 1,250. Gawanya kwa magunia 80, unapata dola 15 na zaidi kwa gunia. Ni maumivu, lakini ni madogo kuliko yale ya ukame. Tatizo ni kwamba mkulima mdogo bei ikiruka hivyo hanunui mifuko 10. Ananunua minne, anainyunyiza kama chumvi, na hekta inatoa tani moja na nusu hata mvua ikinyesha vizuri. Mwaka 2020 tani ya urea kwenye soko la dunia ilikuwa dola 230 hivi. Mwezi wa nne mwaka 2022, baada ya Urusi kuingia Ukraine, ilipita dola 900. Urea hutengenezwa kwa gesi, na gesi ilikuwa imepanda. Kabla haijafika Lubumbashi inashushwa melini Dar es Salaam, Beira au Durban, halafu inapanda lori. Kutoka Dar ni karibu kilomita 2,000 za mafuta, matairi, mizani na barieri. Mdogo wenu akilia na mbolea, analia na gesi ya Ulaya na vumbi la mpaka wa Tunduma kwa pamoja.

Lakini lazima niseme ukweli hapa, kwa sababu watu wanadhani mkulima aliyepata hasara anaiweka kwenye bei halafu sisi tunailipa. Mkulima haendi sokoni na karatasi ya hesabu akadai dola 40. Bei anaikuta imewekwa na uhaba. Mwenye magunia 20 anaweza kuuza kila moja kwa bei ya juu na bado akarudi nyumbani na deni. Hasara yake inatufikia msimu unaofuata, pale anapolima nusu hekta kwa sababu pesa ya mbolea haipo. Ndivyo ukame wa mwaka mmoja unavyokula mwaka wa pili bila jua kuongeza chochote.

Kuna maji mengine yaliyopotea mwaka 2024 ambayo watu hawayahesabu, nayo ni maji ya umeme. Zaidi ya sehemu nane katika kumi za umeme wa Zambia zilikuwa zinatoka kwenye mabwawa. Ziwa Kariba lilishuka mpaka maji yanayoweza kuzungusha mashine yakabaki chini ya asilimia 10. Kuna mitaa iliyokaa gizani saa 20 kwa siku. Mashine za kusaga zikawashwa kwa mazuti (dizeli). Hata yule aliyekuwa na mahindi ghalani alisaga kwa gharama mpya, na unga ukaibeba. Hapa kwetu tunategemea mabwawa ya Mwadingusha, Koni, Nzilo, Nseke na ile laini ndefu ya Inga, mito mingine kabisa, lakini mnajua wenyewe: umeme ukikatika katika kata yenu, mwenye mashine anawasha jenereta na bei ya kusaga meka moja (kopo la kupimia) inabadilika siku hiyohiyo.

Mtaniuliza, na wengi huniuliza kwa hasira: Katanga ina ardhi, ina mvua ya zaidi ya milimita 1,000 kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa nne, kwa nini tusilime wenyewe? Nina hasira hiyohiyo. Juhudi zimekuwepo. Moïse Katumbi alipokuwa gavana wa Katanga aliyataka makampuni ya migodi yalime hekta 500 za mahindi kila moja. Service National, shirika la serikali linalofundisha vijana kazi, inalima kule Kaniama-Kasese, na mahindi yake yameletwa mpaka hapa. Lakini tazameni mkulima mdogo wa hapa anavyobanwa. Mwaka mzuri, mahindi ya Zambia yanaingia kwa bei ya chini, kwa sababu serikali yake inawasaidia wakulima wadogo kupata mbolea na mbegu. Wa kwetu amenunua mbolea kwa bei kamili, hawezi kushindana, anauza kwa hasara au anaacha mahindi na kwenda kuchoma makala (mkaa). Mwaka mbaya, mpaka unafungwa, bei inapanda, na tunamtafuta mkulima wetu hatumpati. Alishaacha kulima mwaka jana. Kwa maoni yangu, shida kubwa ya unga wa Lubumbashi iko katika mwaka wa mahindi rahisi, ule ambao hakuna anayelalamika. Serikali ya jimbo ingenunua gunia la mkulima wa hapa mwezi wa sita wa mwaka kama huo, kwa bei inayomwacha hai, na kuliweka ghalani. Pesa hiyo ni ndogo kuliko ile inayotumika kukimbizana na malori ya unga njaa ikishaingia.

Kuhusu wenye depo. Wapo wanaoficha, sitawatetea, na unga unaofungiwa makusudi wakati watoto wanalala bila kula ni dhambi. Lakini si kila mwenye mifuko mingi ni mficha. Mahindi yanavunwa mara moja kwa mwaka, kuanzia mwezi wa nne, na sisi tunakula kila siku. Lazima mtu ayahifadhi mpaka mwezi wa pili unaofuata, na anayehifadhi anafunga pesa yake miezi kumi hivi, analipa ghala na mlinzi, anapoteza sehemu kwa fukusi na panya. Kipimo changu ni rahisi. Mpaka ukiwa wazi na Zambia ina ziada, mficha hawezi kusimama, kwa sababu lori la mwenzake litaingia kesho na kumshusha. Uficho unapata nguvu pale tu uhaba ulipotangulia. Kumkamata mwenye depo mmoja mbele ya kamera hakuleti gunia jipya mjini.

Na bei kuwa nzito kushuka? Mwaka 2025 Zambia ilivuna tani milioni 3.66, mavuno makubwa kuliko yote iliyokuwa imewahi kuandika mpaka hapo. Hata hivyo mahindi mapya hayakugeuka unga wa bei ya chini siku ileile. Mwenye duka alikuwa bado na mifuko ya bei ya zamani, hawezi kuitupa. Msafirishaji alikuwa na deni la dola. Mkulima aliyeumia msimu uliopita alitaka kulipa madeni yake kwanza. Na ruhusa ya kutoa mahindi nje huchelewa, serikali iliyotishwa na njaa inajaza maghala yake kabla ya kufungua mlango. Juu ya hayo kuna franka yetu. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa franka 2,000 hivi, mwaka ulipokwisha ikawa karibu 2,700. Mahindi yangeweza kubaki palepale kwa dola, na ninyi mnaonunua kwa franka mkaona yamepanda kwa theluthi moja.

Nimesema sana juu ya bukari, lakini sahani yenu ina mboga pia, na mboga ina habari tofauti kabisa na maji, tena ya hapahapa kwetu.

Mahindi yanakunywa mvua bure. Lengalenga (mchicha) na nyanya za kiangazi zinakunywa maji ya mabega ya mtu. Nendeni asubuhi mwezi wa tisa kwenye bustani za bonde la Kafubu mkaone. Kuna mama mmoja huko nimemzoea, analima matuta 40, kila tuta mita za mraba 10. Jua la mwezi wa tisa linakausha milimita 5 au 6 za maji kwa siku, na milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Kwa hiyo tuta moja linataka lita 50 mpaka 60, matuta 40 yanataka lita 2,000 na zaidi. Arozwari yake, kopo la kumwagilia, inabeba lita 10. Anashika mbili, mkono wa kulia na wa kushoto, anashuka shimoni, anachota, anapanda, anamwaga. Safari 100 kwa siku, nusu alfajiri na nusu jioni. Nilipomtembelea mara ya mwisho viganja vyake vilikuwa na alama mbili nyeusi zilizonyooka, za mishikio. Tani mbili za maji kila siku, Mama, kwa mikono. Mwezi wa kumi shimo lake linashuka, anaongeza ngazi mbili za udongo, safari inakuwa ndefu zaidi, na matuta kumi anayaacha yakauke kwa sababu jua linazama kabla hajayafikia. Mwenzake mwenye pampu ya petroli anamaliza saa moja, lakini petroli ya wiki imeondoka na faida ya matuta kadhaa. Fungu la lengalenga mnalolinunua franka chache limebebwa na hizo safari. Mkitaka muuzaji wa mboga awapunguzie bei mwezi wa kumi, kumbukeni hilo shimo.

Mvua zikianza nyanya zinapanda tena, na watu wanashangaa: maji si yamekuja? Yamekuja mengi mno. Majani yakilowa usiku kucha ukungu unaunguza mche mzima kwa siku chache, mabonde yanafurika, na wenye bustani wengi wanaacha matuta wanakwenda kupanda mahindi. Kwa hiyo mboga ya majani na nyanya nunueni kwa wingi mwezi wa sita mpaka wa nane, mkaushe nyanya kidogo juani kama mna mahali pasipo na vumbi la barabara.

Kuhusu bukari, mfanyabiashara kama ninyi asinunue unga mwaka mzima kwa mfuko mmoja mmoja. Kati ya mwezi wa tano na wa saba tafuteni punje, hata kwa kuungana na wapishi wenzenu wawili watatu kwenye likelemba (chama cha kuchangiana pesa kwa zamu). Punje zikauke kweli. Umeni moja kwa meno, ikivunjika kwa sauti ni kavu, ikikubali jino kwa ulaini irudi juani. Zifungieni kwenye pipa lisilopitisha hewa au kwenye mifuko ile ya tabaka tatu, fukusi watakufa kwa kukosa pumzi. Msage kwa wiki, kwa sababu unga unaharibika upesi kuliko punje. Na changanyeni muhogo. Najua madereva wa Zambia wanapenda bukari nyeupe ya mahindi matupu, lakini wateja wa hapa wamezoea mchanganyiko, na muhogo una kitu ambacho mahindi hayana: hauna siku moja ya kuchanua inayoamua kila kitu. Kiangazi kikija unaangusha majani, unasubiri chini ya ardhi, mvua ikirudi unaendelea.

Mdogo wenu mwambieni asipande mbegu zote siku moja. Agawe shamba sehemu tatu, apishanishe siku kumi kumi tangu mvua za mwezi wa kumi na moja zinapokaza, ili ukavu ukija usikute shamba zima linachanua. Urea asiimwage yote mara moja. Aweke nusu, atazame mbingu, mahindi yakiwa yamesimama vizuri na udongo una unyevu ndipo aweke nyingine. Mvua ikikataa, ile nusu iliyobaki kwenye mfuko ni pesa ambayo haikupotea. Na kabla ya kununua mfuko wa tano wa NPK, apime uchachu wa udongo. Katanga ina mawe ya chokaa, Kakontwe pale Likasi si mbali. Udongo mchachu unaishika fosfati ya mbolea na kuinyima mizizi, kwa hiyo chokaa kidogo pamoja na samadi ya kuku vinaweza kumpa zaidi kuliko mifuko miwili ya dola 45.

Ninyi mna kitu ambacho sisi wa ofisi hatuna: madereva wanakula kwenu. Wanapita Mazabuka, Monze na Choma kila wiki, mahindi yako pembeni ya barabara wanayaona kwa macho. Kuanzia katikati ya mwezi wa kwanza waulizeni mahindi ya kule yamefika kimo gani, kama nywele zimeshatoka, na mvua ya mwisho ilinyesha lini. Wakiwaambia majani yamejikunja na siku 20 zimepita bila tone, msingoje tangazo la mtu yeyote. Wiki hiyohiyo nunueni punje za miezi mitatu.